Choo cha Bwana Misitu

Yuditha alipofika ukingoni mwa msitu, panga begani na ngata kichwani, alisimama akadhani amepotea njia. Mbele yake aliiona nyumba ya Jumbe. Nyumba ya Jumbe wa Kwamazuma ilikuwa ng'ambo ya pili ya msitu, na tangu Yuditha azaliwe hakuna aliyewahi kuiona akiwa upande huu, isipokuwa ndege. Sasa ilionekana yote, na mbuzi juu ya paa la banda, na mke mdogo wa Jumbe akianua nguo.

"Hajira," alimwita jirani yake aliyekuwa anakuja nyuma. "Hebu njoo unisaidie macho."

Hajira akaja, akatazama kwa muda. Kisha akasema kumbe yule mke mdogo ana kanga mpya, na juzi kisimani alikuwa anawalilia shida.

Kitendawili. Wamesimama pamoja tangu enzi za mababu, wengine mabegani mwa wengine, na hawajakanyagana. Mtoto yeyote wa Kwamazuma angekujibu kabla hujamaliza kutega: msitu. Kwa maana ndivyo ulivyokuwa. Juu kabisa ilikaa mivule na mikangazi, kazi yake kuzuia ule upepo wa Handeni usichukue mapaa ya watu. Chini yake miti ya makamo, yenye matunda ya kima na mizinga ya mzee Paulo. Chini tena miche myembamba inayokimbilia jua, imenyooka kama imepigwa kamba, na hiyo ndiyo fito za nyumba. Nyugwe zilipanda kutoka chini mpaka juu, mtu akikata moja anapata kamba ya ukuta mzima. Na chini kabisa, kwenye majani makavu, ukitaka uyoga upo, ukitaka mchunga upo, kuni zipo, dawa ya mtoto anayelia usiku ipo, na maji ya kijito yanatoka humohumo polepole hata kiangazi. Kila mtu alikuwa na tabaka lake msituni. Serikali ilikuwa na la juu, na hakuna aliyeligombea.

Sasa lilibaki la juu peke yake. Mivule ilisimama mmojammoja, kila mmoja umefungwa mkanda wa chokaa kiunoni, kama watoto wa shule siku ya gwaride. Chini palikuwa peupe. Majivu yalikuwa bado yanafuka. Kima mmoja alikaa chini, mikono magotini, kama mpangaji aliyetolewa vyombo nje.

Habari yenyewe ilikuwa imetangazwa, hilo lazima tuseme. Jumbe aliita baraza, akasema Bwana Misitu anataka msitu usafishwe, na watu wakapiga makofi, maana nani anakataa usafi? Walidhani ni ile njia ya mpakani inayofyekwa kila mwaka. Halafu likaja lori la vibarua kutoka mashamba ya mkonge ya Korogwe, na Yuditha wakati huo alikuwa amelala na homa. Alisikia mapanga kwa mbali akafikiri ni homa.

Shida yake ilikuwa hii. Mvua za vuli ziliosha kuta za nyumba yake zikaacha nguzo na paa tu, kama mzee aliyebaki na mifupa na kofia. Marehemu mumewe alizichagua nguzo zile mwenyewe na hazikutikisika. Lakini nyumba bila kuta ni mwavuli. Kwa hiyo Yuditha alikuwa anakaa jikoni kwa shemeji yake, na mke wa shemeji, Hilaria, alikuwa mwanamke mwema kwa siku za mwanzo. Siku hizi alikuwa anasukuma sufuria kwa mguu. Masika yalikuwa yanakaribia. Kesho ndiyo siku ya kukandika, majirani wote wamealikwa, na boha limeshapikwa.

Hapo pana kitendawili kingine: nimempika mwenyewe, sasa ananiamrisha. Ni boha. Pombe ya miwa ikishatiwa mtungini haingoji mtu; kesho itakuwa kali ya kupendeza, keshokutwa itakuwa siki. Na watu hawaji mara mbili. Ukiwaita kukandika wakakuta hakuna ukuta wa kukandika, watakunywa, watakuonea huruma, na utawaona tena baada ya mavuno. Kwa hiyo kuta zilitakiwa zisimame leo. Na mtu asiulize kwa nini hakukata fito mapema. Fito hukatwa siku ya kuamkia kukandika, zikiwa mbichi, zikipindika bila kuvunjika. Hata mtoto anajua. Kwamazuma nzima ilikuwa inajenga hivyo.

Wakaenda kumtafuta Isaka.

Isaka alikuwa mlinzi wa msitu, mtu wa kaptura ya kaki na kofia yenye beji. Baba yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, akaoa, akazeeka hukuhuku, na kwa sababu hiyo Isaka alikuwa mtani wa kila Mzigua wa kijiji kile. Walimkuta katikati ya msitu anafagia. Anafagia msitu, kwa ufagio.

"Hujafa tu, Mzigua wewe?" alisema bila kuinua kichwa.

"Nakungoja utangulie, Mnyamwezi, nije nimle kuku wangu kwenye matanga yako."

Kuku huyo alikuwa na historia. Siku ya kumzika mume wa Yuditha, Isaka alishuka kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe kitu, maana marehemu alimzoea na haifai aende peke yake. Padri alisimama na kitabu chake anasubiri. Ikabidi aletwe kuku. Watu walicheka huku wanalia, na ndiyo kazi ya utani.

Yuditha akamweleza shida yake. Isaka akaegemea ufagio, na uso wake ukawa wa mtu anayekusikitikia lakini ana kofia. Akasema fito hakuna. Zilizofyekwa zimekatwakatwa na kuchomwa, ndiyo amri. Bondeni kuna kipande ambacho vibarua hawakukimaliza, lakini watoto wa Jumbe wako huko sasa hivi wanakatakata na kuchoma, kwa sababu Bwana anafika adhuhuri. Alipoulizwa miche midogo ilimkosea nini Bwana, akajibu kwamba alielezwa semina nzima huko Korogwe: midogo inakula chakula cha mikubwa.

"Na mikubwa inamlisha nani?" Hajira aliuliza.

Isaka akasema reli. Mbao zake zitakwenda reli.

Wakauliza kuhusu kibali. Isaka akasema kibali kinapatikana ofisini Korogwe. Anayetia sahihi ni Bwana Misitu. Bwana Misitu leo hayuko Korogwe, anakuja huku. Akifika huku hatii sahihi, maana mhuri uko Korogwe. Alieleza haya yote kwa utulivu, kama mtu anayekuelekeza njia.

Ndipo Yuditha akakiona choo.

Kilikuwa chini ya mvule mkubwa kuliko yote, kipya, cha kijani, mraba mzuri. Ndani kulikuwa na shimo na sanduku la mbao lenye tundu juu, kwa sababu Bwana hachuchumai. Lakini si sanduku lililomshika Yuditha. Ni zile kuta. Fito mbichi, zimepangwa karibukaribu, zimefungwa kwa nyugwe nene, safu juu ya safu, na mlango wake wa fito vilevile. Isaka alikuwa ameziteua katika msitu mzima kabla haujachomwa. Mrefu kwa mrefu, mfupi kwa mfupi. Yuditha alikipima kwa macho. Ukuta wa mbele wa nyumba yake, na wa kushoto, na wa kulia.

Isaka akaona anavyotazama. Akajisogeza akasimama mbele ya choo chake.

"Mtani," alisema. "Usiniletee mambo."

Utani wa kule una sheria yake. Anayechukua hutangaza kwa sauti, mbele ya shahidi, anachukua nini na kwa nani. Akishatangaza, mwenye mali hana ruhusa ya kuinua mkono wala kununa. Anangoja zamu yake. Anayevunja hili, watani hawaji kumzika.

Yuditha akavua ngata akampa Hajira. Akasema kwa sauti ya kanisani: "Hajira, shuhudia. Mimi Yuditha nachukua choo hiki kwa mtani wangu Isaka, Mnyamwezi mla kuku."

"Si changu!" Isaka alisema. "Ni cha Serikali."

"Na lile kaburi ulilolala lilikuwa lako?"

Isaka akaushika mlango wa choo.

"Na kuku hakuwa wangu pia," Yuditha aliendelea, ameshaanza kufungua nyugwe. "Alikuwa wa Hilaria. Mpaka leo ananisema."

Isaka alizunguka choo mara kadhaa. Alisema atafukuzwa kazi. Alisema Bwana ataweka wapi heshima yake. Alisema subiri basi mpaka jioni, akishaondoka, nitakuletea mwenyewe kichwani. Yuditha akamwambia jioni hakuna mwanga wa kufunga ukuta. Mwishowe akakaa juu ya lile sanduku, mikono mashavuni, wakati kuta zinaondoka pembeni yake mojamoja, mpaka akabaki amekaa peke yake katikati ya msitu kama mtu anayepigwa picha.

Fito zikafika nyumbani salama. Walikuwa wamesimamisha ukuta wa mbele na nusu ya kushoto, wanafunga kwa meno na vidole, tarishi wa Jumbe alipopita anapuliza baragumu. Watu wote msituni, wake kwa waume. Bwana amefika.

Bwana Misitu alikuwa kijana mrefu mwenye uso mwekundu, si mtu mbaya. Alisalimia "Jambo" kwa kila mmoja, hata mara mbili kwa waliopangwa vibaya. Alisimama mwanzo wa msitu akaona mwisho wake, akafurahi mpaka akavua kofia. Karani wake, Gregori, kijana wa Kilole mwenye viatu vilivyong'aa, alitafsiri. Bwana anasema sasa huu ndio msitu. Mwanzo ulikuwa fujo. Sasa kila mti una nafasi yake, utanenepa, na nchi itafaidika. Mzee Paulo akainua mkono akauliza mizinga yake, na nyuki waende wapi. Gregori akatafsiri. Bwana akatabasamu, akajibu, na Gregori akasema: Bwana anasema nyuki wana mabawa.

Ila Bwana asubuhi alikuwa amepita stesheni ya Korogwe, na jua lilikuwa kali, akanywa sharubati ya ukwaju, birauli baada ya birauli. Katikati ya maneno juu ya unene wa miti, alinyamaza. Akatazama pembeni. Akamnong'oneza Gregori. Gregori akamnong'oneza Isaka. Isaka akatazama mawinguni.

Bwana hakusubiri. Alianza kutembea kwa hatua za heshima, akitafuta kichaka.

Sasa watu wa Kwamazuma wamelelewa vizuri. Mgeni hatembei peke yake; mgeni akiinuka, anasindikizwa. Jumbe akainuka na fimbo yake, wazee wakainuka nyuma ya Jumbe, na kina mama nyuma ya wazee. Bwana akageuka akawaona, akaharakisha. Nao wakaharakisha, wasije wakaonekana hawana adabu. Akajibanza nyuma ya mvule mmoja. Lakini wale wa upande wa nyumba ya Jumbe walikuwa wanamwona vizuri, wakampungia mkono. Akahamia mvule wa pili. Kama ungekuwa msitu wa mwaka jana angepotelea kichakani hatua chache tu, na angestirika kuliko mfalme. Sasa kila alipogeuka alikuta macho, na kila jicho lilikuwa la heshima.

Yuditha alikuwa amesimama nyuma, utomvu wa nyugwe bado mikononi. Mwanzo alicheka ndani ya kanga mpaka akaumwa mbavu. Kisha akaona uso wa yule kijana, na kicheko kikamkatika. Uso ule aliujua. Ndio uso wake mwenyewe jikoni kwa Hilaria, mtu mzima asiye na ukuta.

Wakafika kwenye sanduku. Lilikuwa limekaa chini ya mvule, wazi, jua likilimulika.

Hapo Isaka alipata akili. Alipanda juu ya kisiki akatoa amri kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu apewe kofia: watu wote wageuke, watazame Handeni, na atakayegeuza shingo atashitakiwa. Wakageuka. Jumbe akageuka, wazee wakageuka, wakawa wamesimama safu kwa safu, kimya, katikati ya miti yenye mikanda ya chokaa. Kijiji kizima kikaipa Serikali mgongo, na kwa amri ya Serikali yenyewe. Kigogota alisikika kwa mbali. Mzee Paulo peke yake alisema kwa sauti ndogo kwamba hata Bwana angekuwa na mabawa kama nyuki, angeruka.

Baadaye Bwana alikuwa mkali. Alitaka kujua kuta ziko wapi, kwa maana aliliona shimo, aliliona sanduku, na aliona alama za fito ardhini. Isaka akasimama wima akasema ukweli: zimechukuliwa na mtani wake. Gregori akakaa na neno hilo mdomoni muda mrefu. Alilijaribu kwa Kiingereza hivi, akalijaribu vile. Bwana akauliza kama mtani ni mwizi. Hapana. Ni ndugu? Hapana. Ni adui? Kidogo. Basi kwa nini hukumzuia? Isaka akasema angemzuia, nani angemzika?

Bwana akafikiri, akaacha. Akatoa amri mbili, na Gregori akazisoma kwa sauti ya kazi. Ya kwanza, kile kichaka kilichobakia bondeni baragumu lilipowaita watoto wa Jumbe kisifyekwe tena, kiachwe kikue kama kilivyokuwa, miche na nyugwe na vyote, kwa matumizi ya wageni wa Serikali. Raia asikanyage. Ya pili, Isaka akazitafute fito za choo na kuzirudisha kabla ya jua kuzama, na karani aende akashuhudie.

Watu wakatazamana. Hajira akasema polepole, kama anajisemea, "Kumbe ile midogo ina faida. Mpaka tumbo la Serikali liume."

Yuditha hakuwapo kumsikia. Alikuwa ameshafika njiani anakimbia, kanga imeshikwa kwa mkono mmoja.

Ukweli ni kwamba kesho haikuwapo tena. Fito zikikutwa zimesimama ukutani bila udongo zitafunguliwa moja baada ya nyingine, na boha litageuka siki. Alimwambia hivyo Hilaria, akitweta mlangoni pa jiko. Hilaria akasikiliza, akatazama ile sehemu ya jiko lake iliyochukuliwa na kitanda cha mtu, akakunja kanga yake kiunoni. Hakuna aliyefanya kazi siku ile kama Hilaria. Yeye ndiye aliyepiga kelele mpaka mwisho wa kijiji kwamba kukandika ni leo. Yeye ndiye aliyekanyaga udongo na maji mpaka magotini, na yeye ndiye aliyesimamisha ukuta wa kulia akimwita mumewe mvivu. Watu wakaja kutoka msituni wanacheka bado. Wanawake wakachota, wanaume wakafunga, watoto wakaleta vibuyu. Boha likagawiwa. Lilikuwa bado tamu, halijakolea, na mzee Paulo akalalamika kwamba amepewa uji wa mtoto, lakini akaomba tena.

Jua lilikuwa limeshuka, linakaribia kuzama, Isaka alipofika na Gregori. Gregori alisimama mbali kidogo kwa ajili ya viatu vyake. Mbele yao ilisimama nyumba mbichi, inatiririka maji, kuta tatu za udongo mwekundu. Upande wa nyuma ulikuwa wazi. Choo cha Serikali hakikutosha nyumba ya mtu.

Kazi ilisimama. Watu wote walikuwa na udongo mikononi na hakuna aliyejifuta. Yuditha alikuwa mlangoni, donge la udongo kiganjani, na hakutania. Alimwamkia Gregori kwa adabu, ingawa ni kijana, akamuuliza habari za kwao Kilole.

Gregori akajibu salama. Kisha akakohoa. "Bwana ameuliza fito," alisema. "Isaka, unaziona?"

Isaka akatazama. Juu ya mlango palikuwa pamebaki pengo, na humo fito zilionekana wazi kabisa, za kijani, na fundo la nyugwe ambalo alilifunga mwenyewe kwa mkono wake. Kila mtu aliliona pengo lile. Hilaria akashika kiuno.

Isaka akavua kofia. Akavua shati la kaki, akalikunja vizuri, akamtundikia Gregori mkononi. Akachota udongo kwa mikono miwili, akaupiga pale juu ya mlango kwa nguvu, akaulainisha kwa kiganja, akarudi nyuma, akatazama huku ameinamisha kichwa upande kama fundi.

"Sasa sizioni," alisema.

Gregori akatazama ukuta, akatazama shati mkononi mwake. Akasema hata yeye jua lilikuwa linampiga machoni. Mtu akamletea kibuyu, akakipokea kwa mkono uliobaki, akasogea karibu, viatu na vyote.

Kazi ikaendelea. Isaka alibaki kukandika mpaka kuta tatu zikaisha. Alipokwenda kunawa nyuma ya nyumba alimkuta Yuditha amesimama katika ule upande ulio wazi, anapima nguzo kwa nguzo kwa hatua, anahesabu midomoni mwake fito zinazopungua. Kwamazuma nzima haikuwa na ufito mmoja, isipokuwa kule bondeni, ambako raia hakanyagi.

Isaka akanawa taratibu. Akajifuta kwa majani.

"Kesho asubuhi," alisema, akitazama pembeni, "nalinda upande wa juu, kwa Jumbe. Mpaka mchana."

"Sikukuuliza," Yuditha alisema.

"Najua. Nasema tu."